Mwanamke Aliyekwenda Kuazima Taka

Ndugu zangu, mfano wa leo si mrefu, na walioacha sufuria jikoni wasiwe na wasiwasi. Palikuwa na mama mmoja, mjane, ambaye nusura akose bomba la maji kwa kosa la kutokuwa na taka.

Jina lake silitaji. Kila nikitaja jina katika mfano, baada ya ibada hunisubiri mtu mlangoni akitaka kujua nimeambiwa na nani. Tumwite mama, inatosha. Aliishi kijiji cha milimani, mahali ambapo kila kitu kiko ama juu ama chini, na kwa bahati yake nyumba ilikuwa juu na chemchemi ilikuwa chini. Miaka thelathini alikuwa akiteremka na ndoo tupu na kupanda na ndoo imejaa. Halafu goti lake la kulia likaanza kumsemesha. Mwanzo lilisema wakati wa kupanda tu. Baadaye likasema hata wakati wa kuteremka. Mwaka huo wa mfano wetu lilikuwa linasema hata akiwa ameketi.

Basi mnaweza kufikiri alivyofurahi mradi wa maji ulipofika. Mitaro ikachimbwa kando ya barabara, mabomba yakalazwa, na mkutano wa hadhara ukaitishwa ili watu wapewe masharti. Maana maji ya mlimani hushuka yenyewe bila kuulizwa, lakini maji ya mradi hayashuki mpaka yaone karatasi. Sharti lilikuwa kwamba kaya zitakazounganishiwa awamu ya kwanza ni zile zitakazofaulu ukaguzi wa usafi. Zilizobaki zitasubiri awamu ya pili. Na awamu ya pili mnaijua. Kijiji kile kilikuwa na darasa lililokuwa likisubiri bati za awamu ya pili tangu walimu wake wa kwanza walipostaafu. Mama akapiga hesabu ya goti lake na hesabu ya awamu ya pili, akaona goti halitafika.

Ukaguzi ulifanywa na bwana afya, kijana mpole mwenye pikipiki, buti na fomu. Fomu ilikuwa na maswali kumi na manne. Choo kipo? Kipo, na kina mfuniko. Kichanja cha vyombo? Kipo, na juu yake sufuria zilizosuguliwa kwa jivu mpaka unaweza kujitazama meno. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono? Kile pale, inua macho uone. Mama alijibu maswali kumi kama mwanafunzi aliyeonyeshwa mtihani jana yake. Kisha likaja swali la kumi na moja: je, shimo la taka linatumika?

Shimo alikuwa nalo. Vijana wa kwaya walimchimbia, futi nne kwa futi nne, kwenda chini futi sita, kama sheria ndogo ilivyoagiza. Bwana afya akachungulia. Akazunguka upande wa pili akachungulia tena, kana kwamba kutoka kule lingekuwa shimo jingine.

“Mama, shimo hili halitumiki.”

“Lakini lipo.”

“Lipo, naliona. Taka zako unatupa wapi?”

“Taka zipi, baba?”

Kijana akadhani anataniwa. Ilibidi mama amshike mkono amtembeze. Maganda ya ndizi huliwa na mbuzi. Kinachotoka kwa mbuzi huenda migombani, na migomba hurudisha ndizi, hivyo hapo hakuna pa kuingilia jalala. Magunzi ya mahindi huwashiwa moto. Moto ukishakwisha kuna jivu, na jivu lina kazi tatu: chooni, kwenye sufuria, na kwenye maharage ya mbegu. Maji ya kuoshea vyombo hunywewa na magimbi. Ndoo iliyotoboka imekuwa kiota, na kuku aliyeatamia humo akawatazama wote wawili kwa jicho la mwenye nyumba. Na kanga? Kanga ikichakaa hubeba mtoto wa jirani, ikichanika hushikiwa sufuria, ikiisha kabisa husokotwa ngata ya kuchukulia maji. Mama alisema haya yote bila majivuno. Alifikiri ndivyo watu wanavyoishi.

Bwana afya alisikiliza mpaka mwisho. Akatazama fomu yake, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

“Mama, mimi nimekuelewa,” akasema. “Fomu ndiyo haijakuelewa. Ina ndiyo na ina hapana. Nikiandika ndiyo, na mkubwa wangu akaja kuchungulia kama nilivyochungulia, ataona nini?”

“Ataona shimo safi.”

“Hilo ndilo tatizo.”

Akampa siku saba. Akamweleza kwa upole, maana alikuwa kijana aliyelelewa, kwamba atarudi na mwenyekiti wa kamati ya afya ili fomu iwekwe saini mbili. Kisha akapanda pikipiki, akageuka, akasema atafute taka, hata kidogo.

Niwaulize ninyi mnaonisikiliza: kuna hata mmoja hapa aliyewahi kuagizwa akatafute taka? Sisi taka hututafuta zenyewe. Tukiamka asubuhi zimeshafika.

Siku ya kwanza mama alijaribu kuzitengeneza mwenyewe. Akamenya ndizi, akayachukua maganda mpaka ukingoni mwa shimo. Mbuzi akamtazama. Mama akamtazama mbuzi. Maganda yakaliwa. Siku ya pili akaamua kutupa ngata yake kuukuu, akaitupa kweli, kisha akakumbuka kwamba mpaka bomba lije bado kuna chemchemi, na kichwa ni kimoja. Akashuka kwa ngazi akaitoa. Siku ya tatu akafunga kilemba, akaenda kwa jirani.

Jirani huyu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya afya. Alikuwa mke wa mwalimu mkuu, mtu wa mjini aliyemfuata mume milimani, mwanamke mkunjufu, mwenye mkono wazi, asiyejua kumnyima mtu kitu. Mashimo yake mawili yalikuwa yameshajaa, na sasa alikuwa kwenye la tatu. Wageni kutoka wilayani waliwahi kuletwa kulitazama, wakalipiga picha, likaandikwa kwenye taarifa kuwa shimo la mfano. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amejifungua, na mama alikwenda kumwona mzazi kama ilivyo desturi. Hakwenda mikono mitupu. Alikabidhi alichokuwa nacho, akambeba mtoto kidogo, akaaga.

“Karibu, mama,” jirani akasema. “Leo umemkumbuka mjukuu wako.”

“Nimemkumbuka, na amenenepa. Lakini nimekuja na shida. Naomba uniazime taka.”

Jirani akamhamisha mtoto bega la kulia kwenda la kushoto ili asikie vizuri.

“Watu huazima chumvi, mama. Huazima ungo.”

“Chumvi ninayo. Ungo ninao.”

Alipoelezwa habari ya swali la kumi na moja, jirani alicheka mpaka mtoto akaamka. Akasema achukue, tena achukue nyingi, na asijisumbue kurudisha. Akamsaidia hata kujaza tenga. Nawaambia, hakuna kitu ambacho binadamu hukitoa kwa moyo mkunjufu kama kile alichokwisha kukitupa.

Mama akarudi na tenga lake hadi ukingoni mwa shimo. Akaliinua ili amwage. Mkono ukakataa. Juu kabisa palikuwa na nusu ya mkate. Chini ya mkate palikuwa na kabichi, majani ya nje yamenyauka kidogo, moyo wake mweupe kama siku uliyokatwa. Akalitua tenga, akaketi chini, akaanza kuchambua. Ukoko wa wali, wa kuku. Maganda, ya mbuzi. Vitunguu vilivyoota, vya kupanda, ila kimoja cha kula. Sweta la mtoto lisilo na kifungo kimoja. Kifungo kimoja, ndugu zangu. Vingine vinne vilikuwepo, vimekaa foleni vinamngoja mwenzao. Sufuria iliyotoka mkono. Chupa mbili nzima zenye vizibo. Alipomaliza, tenga lilikuwa tupu, na shimo pia lilikuwa tupu.

Siku ya nne akaenda tena. Siku ya tano akaenda tena. Jirani akaanza kushangaa kwamba shimo la mtu mmoja lina njaa hivyo, lakini hakuuliza. Nyumba ya mama ikazidi kujaa vitu, kuku wakazidi kunona, na kuhusu swali la kumi na moja hali ilikuwa ileile.

Siku ya sita, kwa kuwa taka za juu zilikuwa zimepungua, ilibidi achokonoe chini kwa jembe. Jembe likagonga ndoo ya rangi, ile ya plastiki yenye mfuniko. Mtu alikuwa ameijaza takataka za ndani ya nyumba, akaifunga, akaitupa nzima. Mama akaipenda ile ndoo. Akaichukua kama ilivyo, akaenda kuifungulia nyumbani.

Ndani, chini ya karatasi, palikuwa na fundo la kipande cha kanga.

Sasa nisikilizeni. Mama yule alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Kamba ya mbuzi, mzigo wa kuni, hata kilemba, fundo lake liligeukia upande ambao mafundo ya watu wengine hayageukii. Watoto wake walipokuwa wadogo walikuwa wakilia kwa kushindwa kulifungua. Kwa hiyo hakuhitaji kuitazama kanga. Alilitazama fundo, akajua ni lake.

Yalikuwa maharage. Pishi mbili za maharage ya mbegu, aliyompelekea mzazi.

Mvua za mwaka ule zilidanganya watu; zilinyesha wiki moja kisha zikaondoka kama wageni walioona hakuna chakula. Mama alivuna kidogo, akachambua mbegu, akazichanganya na jivu zisibunguliwe, kama mama mkwe wake alivyomfundisha kwa fimbo na kwa mdomo. Aliposikia jirani amejifungua akaigawa mbegu katikati. Nusu akaibakiza, nusu akaifunga. Maana mzazi anahitaji maziwa, na maziwa hayatoki kwenye pongezi.

Na fundo lilikuwa halijafunguliwa hadi mwisho. Lilikuwa limelegezwa upande mmoja tu, pa kuingia vidole viwili na kuona ndani mna vumbi la kijivu.

Hakulia. Aliketi kando ya shimo lake safi, fundo mapajani. Jambo la kwanza lililomjia ni kulichukua vilevile, avuke uwanja, aliweke mlangoni kwa jirani bila salamu. Akainuka kabisa. Goti likasema, akaketi tena. Na alipoketi akakumbuka kwamba kesho ndiyo siku ya saba, na saini ya pili ni ya mwenye mlango ule. Mtu humwaibisha mwenyekiti wa kamati leo, kisha kesho mwenyekiti huyo amtolee kalamu? Akaiona awamu ya pili. Akaiona njia ya chemchemi, na jinsi inavyokuwa wakati wa masika, utelezi mtupu.

Lakini lililomzuia zaidi ni swali jingine, aina ya swali linalomjia mtu akiwa amekasirika vizuri na hataki kusumbuliwa. Nani alimwambia? Mtoto wa watu amekulia mjini. Maharage anayoyajua hutoka dukani yakiwa yameoshwa uso. Anafungua fundo anaona majivu. Angejuaje? Mama mwenyewe siku ile aliliweka fundo mkekani, akasema hongera, akaondoka. Hakusema neno moja juu ya jivu, wala kwamba ni mbegu. Kwao zawadi haielezwi. Ukiieleza, unaonekana unaipima mbele ya uliyempa. Basi huyu akanyamaza kwa adabu, yule akatupa kwa adabu, maana pengine alimwonea aibu mzee wa watu aliyeleta chakula kilichomwagikiwa na jivu. Na kati ya adabu hizo mbili chakula kikaingia shimoni.

Mama akachukua ungo. Akayagawa maharage tena katikati, kama mara ya kwanza. Nusu akayafunga kwa fundo lilelile. Nusu akayapepeta, akayaosha maji mawili, akayaroweka.

Siku ya saba wakaja, bwana afya na fomu yake, jirani na mtoto mgongoni na jalada kwapani. Walitaka kwenda moja kwa moja shimoni, lakini milimani kwetu mgeni hakagui kabla hajala. Mama akapakua ndizi za kuchemsha na maharage yaliyoungwa kwa kile kitunguu kimoja. Bwana afya akala sahani ya kwanza kwa heshima na ya pili kwa hiari. Jirani akala, akapangusa sahani kwa kipande cha ndizi, ndipo akasema.

“Mama, maharage haya umenunua wapi? Yangu ya dukani nayachemsha mpaka kuni zinaisha, bado yanagonga meno.”

“Sikununua.”

“Basi nifungie kidogo. Nikawapikie nyumbani.”

Mama akaingia ndani. Akatoka na fundo, akaliweka mapajani mwa jirani, akarudi kukaa kwenye kigoda chake.

Jirani akalitazama. Akaligeuza. Akaitambua kanga kwanza, ile yenye pindo jekundu, kisha akalitambua fundo lililomshinda siku ile akaishia kulilegeza. Safari hii akalihangaikia mpaka likafunguka lote. Jivu likamwagika kidogo juu ya magoti yake, na chini ya jivu maharage yakaonekana, mekundu, mazima, hakuna hata moja lenye tundu.

“Mama,” akasema. “Haya ni yale.”

“Ndiyo yale.”

“Nilidhani ni uchafu. Nilidhani yameharibika na ukaona haya kuja mikono mitupu.”

“Jivu ndilo linalofukuza wadudu kwenye mbegu. Ungeyaosha tu, mwanangu.”

“Mbona hukuniambia?”

“Mbona hukuniuliza?”

Bwana afya, kwa busara ya mtumishi wa umma, alikuwa akisoma mchuzi uliobaki kwenye sahani yake. Macho ya jirani yakapanda kutoka mapajani, yakaanza kuzunguka ua kana kwamba ndiyo kwanza anafika. Akaiona ndoo ya rangi chini ya mchirizi wa paa. Akaiona sufuria yake, imetiwa mkono wa waya. Juu ya kamba akaliona sweta la mwanawe, limefuliwa, lina vifungo vitano. Mama alikuwa amelishona kwa ajili ya kumrudishia mtoto. Nyumba yote ya jirani ilikuwa pale uwanjani kwa mama, inatumika, yaani kila kitu isipokuwa mwenyewe.

Hatimaye bwana afya akakohoa. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa niaba ya kipande cha karatasi, kwamba amechungulia wakati akinawa mikono, na kwa bahati mbaya swali la kumi na moja lingali vilevile.

Hapo jirani akafungua jalada. Ilitokea kwamba fomu ya mama alikuwa nayo tayari. Aliijaza Jumatatu nyumbani kwake, kabla mama hajaja kuazima taka, kwa kunakili majibu ya bwana afya bila kuyasoma, na kuitia saini kabisa ili kuokoa muda, kama kamati zinavyofanya, na kwenye swali la kumi na moja alikuwa ameandika hapana. Akasimama nayo akaenda ukingoni mwa shimo. Akaichana mara mbili. Vipande vinne vikashuka taratibu futi zote sita, vikatua chini.

“Bwana afya,” akasema, “njoo uchungulie.”

Kijana akaja, akainama, akatazama kwa umakini wote aliofundishwa chuoni. Akatoa fomu mpya. Akaandika: shimo linatumika. Aina ya taka: karatasi. Kiasi: kidogo. Jirani akatia saini chini yake, na mkono ulikuwa bado una jivu, kwa hiyo saini ya mwenyekiti ilikwenda wilayani na alama ya dole gumba la kijivu ambayo hakuna aliyeiulizia.

Bomba likaja na awamu ya kwanza. Asubuhi iliyofuata ukaguzi ule mama alishuka shimoni kwa ngazi, polepole kwa sababu ya goti, akaviokota vile vipande vinne akawashia moto wa chai. Shimo likawa tupu tena. Na uvunguni mwa kitanda cha mke wa mwalimu mkuu likawekwa fundo la maharage yenye jivu, yanangoja mvua.

Mmecheka, na mna haki. Mfano ukichekesha, kila mtu humwona jirani yake ndani yake. Lakini mimi nauliza, sisi ni nani katika habari hii? Najua mnajiweka wapi. Wengi wenu mmeshakaa kwenye kigoda cha yule mama. Inukeni. Hicho kigoda ni chake. Sisi ndio wenye shimo la mfano.

Sisi ndio tunaopika sufuria ya watu kumi tukiwa watano, kwa sababu mgeni akija tutasemaje, na mgeni haji, na asubuhi wali umechacha. Sisi ndio tuliopata bomba tukaliacha linachuruzika usiku kucha, kwa kuwa aliyekuwa akipanda mlima na ndoo si sisi tena. Sweta likikosa kifungo tunanunua sweta. Halafu tukibanwa na dhamiri tunafunga furushi la tusivyovitaka, tunalileta hapa tukisema ni la maskini, na nyuso zetu zinang'aa kama za watu waliotoa kitu. Tunaomba riziki asubuhi, jioni tunaitupa, na kesho yake tunaomba tena kwa sauti ileile. Hivi anayetusikiliza haoni nyuma ya nyumba?

Na ninyi mnaojua, akina mama wa jivu na akina baba wa mboji, mnaoweza kurudisha mkono wa sufuria na kuhifadhi mbegu misimu mitatu, msitoke hapa mnatabasamu. Mmewafundisha nani? Mnanyamaza, mnaita adabu. Kijana wenu anatupa kwa kutojua, nanyi mnamsengenya kwa kujua. Zawadi haielezwi, sawa. Lakini maarifa yasipoelezwa nayo huishia shimoni pamoja na zawadi.

Anayejua aseme wiki hii. Asiyejua aulize wiki hii, hata kama ni mwenyekiti.

Nina neno moja la mwisho, na hili si la mfano. Sikukuu ya Mavuno mlileta vitu vizuri. Mnada ulifanyika, vikanunuliwa vya mbele, tukachoka, tukaenda kula. Vya nyuma vikapelekwa stoo ya usharika. Ijumaa mhudumu alinipa ufunguo akaniomba nikatazame mwenyewe, maana yeye alishindwa kusema. Mikungu mitatu ya ndizi imekuwa maji. Mahindi yametembewa na wadudu. Na pembeni, juu ya gunia, kuna fundo dogo la kanga ambalo mmoja wenu alilileta madhabahuni kwa mikono miwili, siku ile, tukaliombea kwa sauti kubwa.

Sijui ndani mna nini. Sikuligusa. Nimeuacha mlango wa stoo wazi, na kabla hamjakwenda kwenye sufuria zenu nawaomba mpite mmoja mmoja mlitazame.

Fundo bado halijafunguliwa.